Kuchagua Oktani ya Petroli Inayoifaa Injini ya Gari Lako

Kuchagua oktani ya petroli ni kazi ya kulinganisha namba mbili: ile ambayo mtengenezaji aliipangia injini, na ile ya petroli inayotoka kwenye pampu. Kazi hii ingekuwa nyepesi kama kila gari lingekuja na kitabu chake katika lugha inayosomeka. Lakini magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakauzwa kwetu yakiwa na maandishi ya Kijapani na mara nyingi bila kitabu chochote. Ndiyo maana wapo wanaolipia petroli ya bei ya juu kwa injini isiyoihitaji, na wapo, kwa hasara kubwa zaidi, wanaoitesa injini ya turbo (yenye kifaa cha kuibana hewa kabla haijaingia kwenye silinda) kwa petroli isiyoitosha. Hatua zinazofuata zitakuwezesha kuijua namba ya gari lako kwa uhakika, na kuitumia ipasavyo.

Oktani inapima nini

Pistoni inapoubana mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, mchanganyiko huo hupata joto kali. Plagi inapotoa cheche, moto unatakiwa uanzie hapo na kusambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda. Ikiwa sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi itashindwa kuvumilia joto na mgandamizo, italipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, na mlipuko huo utatoa mawimbi ya shinikizo yanayoipiga pistoni na kuta za silinda. Hali hii ndiyo ambayo mafundi huiita injini kugonga. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo huo bila kujilipukia. Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920 kwa kutumia vimiminika viwili: iso-oktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya oktani 95, kwa hiyo, ni ile inayovumilia kugonga sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 za iso-oktani na asilimia 5 za heptani.

Jambo moja lishikwe hapa, kwa sababu kutolielewa kunawagharimu watu fedha kila wiki: oktani si kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya lita. Ethanoli, pombe inayoweza kuchanganywa na petroli, ina oktani inayozidi 100, lakini lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu za nishati ya lita moja ya petroli. Injini iliyobuniwa kwa oktani 91 haiongezewi kasi kwa kunyweshwa 98. Petroli hiyo inavumilia mgandamizo ambao injini hiyo haitaufikia kamwe, na tofauti ya bei inapotea bure.

Hatua ya kwanza: Tafuta agizo la mtengenezaji

Anza kwenye gari lenyewe. Fungua mlango mdogo wa nje unaofunika mdomo wa tangi na uangalie upande wake wa ndani, kisha uangalie kizibo cha tangi. Katika magari mengi kuna kibandiko kinachotaja aina ya mafuta. Gari la Ulaya huwa na namba, kwa kawaida 95 au 98, pengine pamoja na alama ya duara yenye E5 au E10, ambayo hueleza kiwango cha juu cha ethanoli kinachoruhusiwa na wala haihusiani na oktani. Hakikisha pia kwamba gari ni la petroli, kwa maana injini ya dizeli haina habari na oktani. Mafuta yake hupimwa kwa kipimo kingine kabisa.

Gari lililotoka Japani kwa kawaida halina namba, bali lina maneno, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukiona maandishi レギュラー, gari linatumia petroli ya kawaida ya Japani. Ukiona ハイオク au プレミアム, linataka petroli ya daraja la juu. Hakuna haja ya kujifunza Kijapani. Linganisha maumbo ya herufi tu, au yapige picha na kuyafananisha na haya. Kwa mujibu wa kiwango cha kitaifa cha Japani, petroli ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya oktani 89, na ile ya daraja la juu haitakiwi kushuka chini ya 96. Namba hizi mbili, 89 na 96, ndizo ufunguo wa karibu kila gari la Kijapani lililopo katika barabara zetu.

Zingatia kwamba hapo katikati hamna daraja lingine. Kwa sababu hiyo magari ya Ulaya yaliyouzwa kwanza Japani, kama vile Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz, ambayo kwao Ulaya yalipangiwa 95, huko Japani huwekewa kibandiko cha daraja la juu, kwani 89 haiyatoshi. Anayenunua Volkswagen Golf iliyotumika Japani na kuona agizo hilo asidhani kwamba gari lake ni la mashindano. Kwa kawaida petroli halali ya 95 hulitosheleza, ila athibitishe namba hiyo katika kitabu cha toleo la Ulaya la injini ileile.

Kibandiko kikiwa kimebanduka, usichukue agizo la gari la jirani hata kama magari hayo mawili yana jina moja. Toyota Mark X ni mfano mzuri wa hatari hii. Toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2004, lilikuwa na injini ya lita 2.5 iliyotaka petroli ya daraja la juu. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2009, liliendelea na injini ya lita 2.5 yenye jina lilelile la 4GR-FSE, lakini ikiwa imerekebishwa itumie petroli ya kawaida, na nguvu zake zikashushwa kutoka farasi 215 hadi 203. Subaru Forester nayo hugawanyika ndani ya toleo moja: zenye turbo ziliagizwa kutumia daraja la juu, na zisizo na turbo zikaagizwa kutumia ya kawaida. Kwa hiyo unapotafuta kitabu cha gari mtandaoni, tafuta kwa namba ya toleo iliyoandikwa katika kibao cha utambulisho chini ya boneti, pamoja na namba ya injini na mwaka, wala usitafute kwa jina la gari peke yake.

Hatua ya pili: Jua namba imepimwa kwa kipimo kipi

Namba ya oktani bila jina la kipimo chake ni nusu ya habari. Vipo vipimo viwili vya maabara, na vyote hutumia injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa ikiwa inafanya kazi. Cha kwanza huitwa RON, na injini hiyo huzungushwa mara 600 kwa dakika katika hali nyepesi. Cha pili huitwa MON, na injini huzungushwa mara 900 kwa dakika huku mchanganyiko unaoingia ukiwa umepashwa joto hadi karibu nyuzi 149 za Selsiasi. Kwa kuwa hali ya pili ni ngumu zaidi, petroli ileile hupata namba ndogo: petroli ya Ulaya yenye RON 95 inatakiwa kufikisha MON 85 tu.

Japani, Ulaya, Afrika Mashariki na nchi za Ghuba huandika RON. Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON, unaofupishwa AKI. Ndiyo sababu pampu ya Marekani inaonyesha 87, na mgeni akadhani petroli ya huko ni dhaifu, ilhali 87 hiyo ni takriban RON 91 au 92. Kwa makadirio, ongeza 4 au 5 kwenye namba ya Kimarekani ili upate RON: 91 ya kwao inakaribia 95 au 96 yetu, na 93 inakaribia 97 au 98. Mwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani na kuandikwa 91 akijaza RON 91 atakuwa ameipa injini petroli iliyo chini ya agizo kwa hatua 4 au 5, na kosa hilo ni rahisi kulifanya kwa sababu namba zinafanana kabisa. Kwa ndugu zetu wanaoendesha Dubai au Abu Dhabi mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa pampu za huko zinataja wazi RON 91, 95 na 98, na kazi inabaki kuwa ya kulinganisha na kitabu.

Hatua ya tatu: Tofautisha amri na pendekezo

Soma maneno yanayoizunguka namba. Kitabu kinaposema gari lazima litumie 95 au zaidi, hiyo ni amri, na kuteremka chini yake ni kuhatarisha injini na pengine kupoteza dhamana. Kinaposema 95 inapendekezwa lakini 91 inaruhusiwa, maana yake ni kwamba injini ina uwezo wa kujirekebisha, na utakachopoteza ni sehemu ya nguvu na ya uchumi wa mafuta. Kinaposema 91 au zaidi bila kutaja kingine, agizo limekamilika hapo.

Uwezo huo wa kujirekebisha unatokana na sensa ya kugonga, kifaa kidogo kilichofungwa kwa boliti kwenye bloku ya injini, ambacho husikia mtetemo wa kugonga na kuiarifu kompyuta ya gari. Kompyuta huchelewesha cheche ya plagi, mgandamizo wa moto hupungua, na kugonga hukoma. Huu ni ulinzi mzuri sana, lakini una mpaka na una gharama. Cheche ikicheleweshwa, sehemu ya nishati hutoka kama joto kupitia bomba la moshi badala ya kuisukuma pistoni, hivyo gari huwa zito mlimani na hunywa zaidi. Anayejaza petroli ya chini ili kuokoa shilingi chache kwa lita anaweza kuzilipa tena kwa kujaza mara nyingi zaidi. Magari ya zamani ya kabureta, kama Peugeot 504 zinazoendelea kutunzwa na wenyewe hadi leo, hayana sensa hiyo. Kwayo agizo la kitabu halina ruhusa ya kuteremka.

Hatua ya nne: Usikisie kwa uwiano wa mgandamizo peke yake

Mafundi wengi hufundisha kwamba injini yenye uwiano wa mgandamizo (ni mara ngapi nafasi ndani ya silinda hupungua pistoni inapopanda) unaozidi 10 kwa 1 inahitaji oktani ya juu. Kanuni hii ilifaa enzi za kabureta, na bado inaeleza chanzo cha tatizo, lakini haitoshi kwa injini za sasa. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota nyingi ndogo za lita 1.5, ina uwiano wa 10.5 kwa 1 na hutumia petroli ya kawaida ya Japani. Mazda Demio ya mwaka 2011 yenye injini ya Skyactiv ya lita 1.3 ilikuwa na uwiano wa 14 kwa 1, nayo ikapangiwa petroli hiyohiyo ya kawaida. Toyota Aqua ya toleo la kwanza, yenye 13.4 kwa 1, vilevile. Katika injini ya Aqua, vali ya kuingiza hewa hufungwa kwa kuchelewa, kiasi kwamba sehemu ya mchanganyiko hurudishwa nje na mgandamizo halisi huwa mdogo kuliko namba iliyoandikwa; katika Demio kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hupoza mchanganyiko na kuusaidia kuvumilia.

Upande wa pili, injini ya turbo inaweza kuwa na uwiano wa 9 kwa 1 tu na bado ikahitaji daraja la juu, kwa sababu hewa inayoingia imekwisha kubanwa na turbo. Kama umekosa kabisa agizo la mtengenezaji na gari ni la turbo, lihesabu kuwa la daraja la juu mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Hatua ya tano: Fikiria unapoendesha

Agizo la kitabu limepangwa likiwa na akiba ya usalama, lakini mazingira huila akiba hiyo au huiongeza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo lililo chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo huvuta hewa pungufu, hivyo mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na mahitaji ya oktani hushuka pamoja nao. Afrika Kusini imelizingatia jambo hili katika biashara yake ya mafuta: nyanda za juu zinazoizunguka Johannesburg huuziwa 93 pamoja na 95, ilhali pwani ni 95.

Maana yake kwa msafiri ni hii. Gari lisilogonga Nairobi au Arusha linaweza kuanza kugonga likishuka Mombasa au Tanga, hasa likiwa limejaza abiria na mizigo, kiyoyozi kimewashwa, na jua la mchana likiwa kali. Ikiwa gari lako lipo mpakani mwa agizo, jaza petroli ya daraja la juu kabla ya kushuka pwani na kwa muda wote wa kukaa huko. Wenye turbo wasiitegemee nafuu ya nyanda za juu, kwa kuwa turbo hufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua.

Hatua ya sita: Isome pampu, kisha kichague kituo

Namba ya RON ikiwa imeandikwa kwenye pampu, iamini kama kituo unakiamini. Isipoandikwa, muulize msimamizi wa kituo, wala usiridhike na jibu la jina la kibiashara la mafuta hayo, kwani majina ya matangazo hayasemi oktani. Petroli yenye dawa za kusafisha injini ni kitu kizuri, lakini usafi na oktani ni mambo mawili tofauti, na kampuni zinaweza kuuza moja bila nyingine.

Kwa gari la Kijapani lililoagizwa kutumia petroli ya kawaida, petroli inayouzwa kihalali katika vituo vya Kenya na Tanzania haiko chini ya 89, hivyo mwenye gari hilo hana sababu ya kulipia daraja la juu. Ushauri wangu kwake ni kwamba uangalifu wake wote auelekeze kwenye uhalali wa mafuta, kwa maana hapo ndipo oktani hupotea kweli. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na yakichanganywa na petroli huishusha kwa kasi. Uchakachuaji huu ulikuwa tatizo kubwa kiasi cha kuifanya Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama za kemikali za kuyatambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili bei yake isiendelee kuwatamanisha wachakachuaji.

Ukiwa na shaka, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi, mbali kabisa na moto na sigara. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache bila kuacha kitu, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli huacha doa la mafuta. Jaribio hili halipimi oktani, na mchanganyiko mdogo unaweza kulipita, ila doa likionekana ni sababu tosha ya kukihama kituo hicho, kuhifadhi risiti, na kupeleka malalamiko EWURA kwa Tanzania au EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, kwa Kenya. Petroli ya madumu inayouzwa kando ya barabara iepukwe pia, hata ikiwa haijachanganywa, kwa kuwa ikikaa muda mrefu kwenye joto sehemu zake nyepesi huvukiza na ubora wake hushuka.

Chupa za dawa za kuongeza oktani zinahitaji kusomwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote dukani. Kiingereza cha baadhi ya lebo huahidi kuongeza pointi 3, na mnunuzi akaelewa kwamba 91 itakuwa 94, kumbe katika hesabu ya watengenezaji hao pointi 10 ni sawa na namba moja ya oktani, na alichonunua kitaipandisha 91 hadi 91.3. Ukihitaji kupandisha kidogo, kuchanganya petroli mbili ndani ya tangi ni njia nafuu na inayohesabika: nusu tangi ya 91 na nusu ya 95 hutoa takriban 93.

Hatua ya saba: Jaza, endesha, sikiliza

Baada ya kujaza petroli uliyoichagua, subiri injini ipate joto lake la kawaida, kisha tafuta mlima wa wastani, zima redio, fungua dirisha, na ukanyage mafuta kwa nguvu katika gia ya juu kwa mwendo mdogo. Hiyo ndiyo hali inayoifanya injini igonge kwa urahisi zaidi. Kugonga husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na hutoweka unapopunguza kukanyaga. Gari likikaa kimya na kuvuta vizuri, umefika kwenye namba yako.

Ukigundua kwamba umejaza petroli ya chini kuliko inayotakiwa, huna haja ya kulimwaga tangi. Endesha kwa upole, usivute mzigo, usikimbize gari, tumia gia ndogo mlimani ili injini isilemewe, na ongeza petroli ya daraja la juu mara nafasi inapopatikana kwenye tangi. Kugonga kwa nadra na kwa muda mfupi hakuui injini. Kinachotoboa pistoni na kuharibu gasketi ya silinda hedi ni kugonga kwa mfululizo chini ya mzigo mkubwa.

Gari linalogonga hata baada ya kupewa petroli sahihi kutoka kituo unachokiamini lina tatizo ambalo oktani haitalitibu, ingawa oktani ya juu inaweza kulificha kwa muda. Mpelekee fundi na umwombe aangalie mambo haya kwa mfuatano: mfumo wa kupoza, kuanzia kiwango cha maji ya rejeta hadi feni na thamostati; plagi, kama ni za aina iliyoagizwa na mtengenezaji, kwa kuwa plagi isiyopoa vya kutosha huwasha mchanganyiko kabla ya wakati; sensa ya kugonga na waya wake, kwani ikikatika kompyuta hupoteza usikivu na taa ya injini huwaka; taimingi ya cheche, hasa kwa magari ya zamani yanayorekebishwa kwa mkono; noza na fyueli pampu, kwa sababu petroli ikiwa kidogo kuliko hewa joto la silinda hupanda; na mwishowe masizi ya kaboni juu ya pistoni, ambayo huipunguza nafasi ya kubania na kuupandisha mgandamizo wa injini iliyotembea muda mrefu. Akimaliza, rudia jaribio la mlimani kwa petroli ileile uliyokuwa nayo, bila kubadilisha daraja, ili ujue kama ni matengenezo yaliyoondoa mlio.